Mavi ya Kuazima

Mtoto akilala mchana, mimi siwezi kukaa. Watu husema ni baraka, mama apate kufua, apate kupumzisha mgongo. Mimi nikiona mtoto amelala jua likiwa juu, na si mtoto wa kunyonya, miguu inaanza kutembea yenyewe. Naingia jikoni, natoka. Naenda kwa ng'ombe, narudi. Namsimamia nimtazame kifua kama kinapanda. Hapa kwetu naitwa mama wa kiherehere, na aliyeanza kuniita hivyo ni mke wa kijana wangu. Huyo nitafika kwake.

Sikusoma sana. Niliachia darasa la nne, na sababu ya kuachia hapo iko tumboni mwangu: kovu linalotoka kitovuni kwenda chini, limeshonwa vile gunia la mahindi hushonwa. Naandika haya kwa sababu nimechoka kuyasema watu wakitazama pembeni.

Mimi na ndugu yangu tulizaliwa Timboroa, kwenye kambi ya wafanyakazi wa mashine ya mbao. Wazazi wangu walitoka upande wa Central, wakaambiwa kazi iko msituni. Kazi ilikuwepo. Choo ndiyo haikuwepo. Mwenye mashine alikuwa na nyumba ya mawe yenye bafu ndani, na wazee walipomwendea kuuliza watoto wao wajisaidie wapi, aliwajibu, "Msitu ni mkubwa." Baba aliturudia hayo maneno mpaka akazeeka. Mbao zilitoka pale kila siku kwa lori, za kujengea watu wa Nakuru, na hakukubaki hata mabanzi ya kusimamisha choo moja. Kwa hivyo nikiulizwa nani alimuua ndugu yangu, mimi huanza na huyo. Alishakufa. Alifia kitandani kwake, amezeeka, watoto wake wote wakiwa wamesimama hapo.

Ndugu yangu alikuwa ananifuata. Tumbo lake lilikuwa kubwa na shingo nyembamba, na watu wa kambi walimwita Bwana Chifu kwa sababu ya hilo tumbo. Tulicheka. Hata yeye alicheka, akitembea ameweka mikono nyuma. Alipoanza kulia tumbo, jirani akasema ameangaliwa na jicho baya, akaja na wembe akamchanja. Alipotapika mnyoo, baba akasema ni nyama ya mzoga tulipewa. Kila mtu alikuwa na la kusema, na hakuna aliyefunga mtoto mgongoni akaondoka naye. Alikufa asubuhi ya baridi, umande ukiwa umeganda kwenye nyasi, mweupe kama chumvi.

Hatujamaliza matanga, mimi nikaanza kulia tumbo vilevile. Mimi nilibebwa. Tofauti yetu ni hiyo tu. Nilipandishwa kwa lori, juu ya mbao, mama amenishika kwa kiuno nisianguke, mpaka hospitalini Eldoret, nikapasuliwa. Mama aliniambia baadaye kwamba ile minyoo ilijaza karai na ilikuwa bado inatembea. Kwa hivyo mtu asije akanieleza minyoo kwa picha za ukutani.

Nilipoolewa nililetwa huku tunakokaa sasa, ndani ndani ukitoka Chepsaita, mahindi mbele na mahindi nyuma. Mzee wangu alishatangulia. Kijana wangu ni fundi wa kujenga, yuko Nairobi, huja Krismasi na Pasaka. Tuliobaki hapa ni mimi, mke wake, na mtoto wao wa kike, mjukuu wangu anayeniita shosho, ambaye wakati huo alikuwa darasa la pili.

Huyo mtoto alianza kula ukuta. Sisemi kwa mafumbo. Jiko letu ni la udongo, na nyuma ya mlango, mahali mvua haifiki, nilikuta pamelambwa mpaka pamekuwa na bonde. Nikamshika, nikamwambia afungue mdomo, ulimi ulikuwa mwekundu wa udongo. Nikamfunua kiganja: mweupe. Nikamvuta ngozi ya chini ya jicho, pale panatakiwa pawe pekundu kama nyama, nikakuta pamekuwa kama ndani ya yai. Na akipanda kutoka kisimani anasimama katikati ya njia, anashika kifua, anasema, "Shosho, ngoja moyo wangu utulie."

Mtoto wa miaka saba kungoja moyo wake utulie!

Nilimwambia mama yake. Akasema, "Mama, kila mtoto hula udongo. Hata mimi nikiwa na mimba yake nilikula."

Nilienda shuleni. Mwalimu mkuu, mtu mwenye tai ndefu na funguo nyingi, alinisikiza akiwa amesimama, vile mtu husikiza akitaka uende. Akasema, "Huyo wako analala darasani, Mama. Ni uvivu. Huko nyumbani mnamfanyisha kazi gani usiku?" Nikamwambia si uvivu, ni damu. Akasema hapo shuleni walishapewa dawa za minyoo mwaka uliopita. Nikamuuliza wewe ulikula mwaka uliopita, mbona umekula tena leo? Hakupenda. Baadaye nilisikia mtoto alipigishwa magoti kwenye changarawe kwa kulala wakati wa hesabu. Kati ya wenye makosa, namtaja wa pili kwa hiyo changarawe.

Sasa ikatoka habari kwamba watu wa maabara wanakuja kutoka Eldoret kupima watoto wa shule, waone sehemu gani ina minyoo sana ili dawa ziletwe huko. Mimi nilisema Mungu amekumbuka. Lakini kabla watu wa maabara hawajafika, chifu akaita baraza.

Chifu wetu anapenda usafi wa kuonekana. Barabara ya kwenda ofisini kwake imepakwa chokaa kwa mawe, pande zote mbili. Alisimama akasema, "Wageni wanakuja. Mimi sitaki aibu. Kila mtoto atapewa kikopo, ataleta choo kubwa yake asubuhi ipimwe. Na boma ambayo mtoto wake atapatikana na minyoo, mwenyewe nitamwita ofisini aje anieleze choo yake iko wapi."

Wanaume wakapiga makofi. Nikatazama wanawake, hakuna aliyepiga. Mvua ya mwezi wa tano ilikuwa imeangusha vyoo vingi upande wetu, na watu walikuwa wanaingia kwa mahindi na jembe, kama wakati wa babu. Chifu alijua. Alipita hapo kila siku kwa pikipiki. Wa tatu ni yeye, na kama ningekuwa hakimu ningemweka wa kwanza, kwa sababu alichukua ugonjwa akaufanya makosa.

Jioni tulikuwa kisimani, na hiyo ndiyo ilikuwa hadithi.

"Kwani haya mavi yanapelekwa wapi?"

"Eldoret."

"Eldoret wameishiwa na yao?"

Tukacheka mpaka mmoja akamwaga maji.

"Mnacheka. Hiyo mashine yao inaona mpaka kile mlikula Krismasi."

"Mimi yangu ilianguka na mvua. Chifu akija nitamwonyesha nini? Mahindi?"

"Mwonyeshe vile yamenawiri."

Mwenyekiti wa chama chetu cha akina mama alikuwa hapo, amejaza mtungi wake mapema na hakuwa anaondoka. Huyo mama bwana yake ana duka, na boma lake liko sawa, choo ya mabati, mtoto mmoja tu wa kiume anayevaa viatu mpaka akienda kuchunga. Ni yeye peke yake upande wetu amepanda pasheni, imepanda kwa waya shamba nzima, na matunda huenda sokoni. Kuyaonja kwetu ni mpaka akufe mtu. Akasema, "Wangu hana minyoo. Mimi humpa dawa kila shule ikifungwa." Hakuna aliyemuuliza. Lakini naona sasa kwamba kila mtu alisikia.

Mimi nikawaambia, "Kila mtu ajaze ya mtoto wake. Msiogope chifu. Ogopeni kaburi."

Mmoja akasema, "Haya, daktari wa karai ameongea," na wakacheka tena, na mke wa kijana wangu akainama akafunga mtungi wake vizuri, ingawa ulikuwa umefungwa.

Asubuhi ya kupeleka, mimi mwenyewe nilimwamsha mtoto. Nilimtandikia jani la mgomba, nikachota kwa kijiti, nikajaza kikopo, nikafunga, nikaosha mikono yake na yangu. Kilikuwa na karatasi yenye jina lake. Nikampa mama yake apeleke, maana walikuwa wanapita njia moja, mimi nikienda kupalilia. Nilipalilia siku hiyo kama mtu anayekimbizwa. Nilimaliza mistari ya kesho.

Majibu yakasomwa shuleni, wazazi tukiwa tumeitwa. Mwalimu mkuu alisoma akitabasamu kwa chifu. Ng'ambo ya mto, watoto wengi wana minyoo. Upande wetu, hakuna. Akarudia: hakuna. Watu wakapiga makofi, mwenyekiti wa chama akapiga kigelegele, chifu akasimama akasema huu ndio mfano wa kuigwa. Dawa zikapakiwa, zikaenda ng'ambo ya mto.

Mimi nilibaki nimesimama kando ya benchi watu wakitoka. Nilimshika mtoto nikamfunua jicho tena, hapohapo. Yai.

"Mama, twende," mke wa kijana wangu akasema. "Wacha kumvuta mtoto macho mbele ya watu."

"Hawa wamekosea."

"Karatasi imesema."

"Karatasi haijala ukuta. Nataka apimwe tena."

Hapo ndipo aliniinulia sauti, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu aingie kwangu. "Hatapimwa! Amepimwa, ameonekana mzima, imetosha! Kiherehere yako itamaliza huyu mtoto!" Watu wakageuka. Nikamshika mtoto mkono tukaenda, kwa sababu ya watu. Lakini nilishangaa. Mama akiambiwa mtoto wake ni mzima huwa anafurahi, hakasiriki.

Kutoka siku hiyo nyumba yetu ikawa haina raha. Mimi nikitaja hospitali, yeye anataja maombi. Nikipika maini, anasema namharibia mtoto kwa kumlisha kama mgonjwa. Usingizi ukanikataa. Nilikuwa nikipita nyuma ya mlango wa jikoni nagusa lile bonde kwa kidole kuona kama limeongezeka. Lilikuwa linaongezeka.

Halafu asubuhi moja mtoto alianguka kwenye foleni ya kuingia darasani. Hakulia, hakupiga kelele. Watoto walisema aliketi tu kama mtu aliyechoka, halafu akalala. Nilimkuta kwa kivuli cha ofisi, mwalimu mkuu akimpepea na kitabu. Nikamwambia, "Endelea kupepea uvivu." Nikambeba mgongoni. Alikuwa mwepesi, na hilo liliniumiza kuliko kuanguka.

Mama yake alikuwa ameenda kwa chama. Sikumngojea. Nilimtandikia mtoto jani tena, nikamwambia jaribu kwa ajili ya shosho wako, akajaribu, nikafunga kitu chake kwa kopo la mafuta ya kujipaka nililoliosha kwa maji moto. Pikapu ya maziwa ilikuwa inapita kurudi Eldoret. Dereva akaniuliza nimebeba nini, nikamwambia usiulize mtu mzima, endesha.

Eldoret niliuliza mlango mmoja baada ya mwingine: wale waliokuja kupima watoto wa shule wanakaa wapi? Nikatumwa huku, nikatumwa kule, mtoto mgongoni, kopo mkononi. Mwishowe nikaonyeshwa chumba nyuma ya majengo, na ndani kulikuwa na msichana, binti wa Kisomali wa hapa mjini, hijabu yake imeingizwa vizuri ndani ya koti jeupe. Nikamtambua. Alikuwa amekuja shuleni kuchukua vikopo.

"Karibu, Mama. Umetumwa na nani?"

"Na huyu," nikamwonyesha mtoto.

Alimtazama, naye akaacha kalamu. Hilo nitamhesabia. Hakuniambia nirudi kesho wala niende dirisha lingine. Alichukua kopo langu, akavaa glavu, akakandamiza ile kitu kwenye chujio dogo la waya, akapaka kilichopita kwenye kioo. Akaniambia hii lazima iangaliwe harakaharaka, maana kuna mayai ya minyoo mingine ambayo ukiyaacha kwenye kioo yanayeyuka, ukija baadaye huoni kitu, unasema mtoto ni mzima. Akainama kwa mashine yake. Nilisimama nyuma yake, siwezi kukaa, nikipanda na kushuka kwa vidole vya miguu ili mtoto atulie mgongoni.

"Ako nayo," akasema bila kuinua kichwa. "Ile inanyonya damu. Inaingilia kwa miguu, mtoto akikanyaga mahali watu wamejisaidia. Mama, ni mingi. Mbona hamkupata dawa?"

"Karatasi yenu ilisema hatuna."

"Nyinyi ni wa wapi?"

Nikamwambia. Akainua kichwa.

"Ala! Nyinyi ni wale wa pasheni?"

"Wa pasheni gani?"

"Vikopo vya upande wenu. Kila chujio tulikuwa tunaachwa na mbegu nyeusi za pasheni. Karibu kila mtoto. Tulicheka hapa, tukasema hawa watu wanakula pasheni kama ugali."

Nilitafuta mahali pa kukaa. Hiyo ndiyo siku pekee katika mambo haya yote niliketi mwenyewe bila kuambiwa. Pasheni iko boma moja. Mtoto anayekula pasheni upande wetu ni mmoja.

Nikaona njia yote. Huku kwetu tunaazimana kila kitu. Moto, chumvi, jembe, sufuria ya wageni, mtoto wa kutumwa dukani. Hakuna anayesema hapana, maana kesho ni wewe utaazima. Na wanawake walikuwa wamepita kwa mwenyekiti wa chama alfajiri, mmoja mmoja, leso kichwani, kuazima kwa mtoto msafi. Naye aliwapimia, kila mtu kijiko chake, kama anayegawa hamira.

"Wewe uliona mbegu," nikamwambia yule msichana, "ukacheka, ukaandika hakuna?"

"Mama, kazi yangu ni kuhesabu mayai. Mbegu hatuandiki."

"Mbegu hamuandiki."

Alivua glavu polepole, uso umebadilika, akasema, "Mlete huyu mtoto tumpeleke kwa daktari sasa hivi." Alitembea mbele yangu haraka, akifungua milango. Nimemweka naye kati ya wenye makosa na siwezi kumtoa, lakini nimemweka mwisho.

Daktari alisema kwa damu iliyobaki, ni ajabu kwamba mtoto alikuwa bado anaenda shule. Akalazwa, akaanza kuongezewa. Nikakaa pale nikitazama tone likishuka, lingine likikawia, nikisimama kila mara kumuuliza muuguzi kama mpira umeziba, mpaka akaniambia, "Mama, ukisimama tena nitakutafutia kazi ya usafi."

Mke wa kijana wangu alifika alasiri, amekuja mbio, viatu mkononi. Alimwona mtoto na ule mpira wa damu, akashika ukuta. Sikumpa nafasi ya kukaa.

"Kikopo nilichokupa ulikipeleka wapi?"

Hakuuliza kikopo gani. Akasema, "Nilimwaga kwa mahindi."

"Kwa nini?"

"Chifu alisema—"

"Choo yetu haijaanguka! Chifu angekuita kwa sababu gani?"

Halafu akanitazama usoni, macho yamejaa, lakini sauti haikutetemeka. "Kwa sababu yako, Mama. Kila mahali umeonyesha hilo kovu. Kisimani, kanisani, kwa arusi ya watu. Karai, karai, karai. Unajua wanatuitaje? Boma ya minyoo. Mimi nimeolewa nikaitwa bibi ya boma ya minyoo. Nilitaka mtoto wangu asiitwe hivyo. Nilitaka mara moja tu karatasi iseme hana."

Nilitaka kumpiga. Mkono uliinuka. Muuguzi alikuwa anatazama, na mtoto alikuwa amefungua macho. Nikaushusha, nikaenda nje, nikazunguka lile jengo, nikarudi, nikazunguka tena. Watu wanapenda hadithi ambapo hapo ningelia na kumkumbatia. Sikumkumbatia. Na kovu langu sitalificha, nilishasema. Nisingelionyesha ni nani angemvuta huyo mtoto jicho? Lakini yale maneno yaliingia, na bado yanatembea.

Tulimlinda zamu zamu mpaka akaruhusiwa, na nyumbani tuliongea mambo ya ng'ombe tu.

Yule msichana wa maabara alirudi kijijini baada ya hapo, safari hii bila vikopo vya kupeleka nyumbani. Alisema kila mtoto ajisaidie shuleni, kwa choo ya shule, hapohapo. Tukaitwa wazazi. Na hapo mwalimu mkuu akaanza kukohoa. Choo ya watoto wa kike haikuwa na mlango, na ya wavulana ilikuwa imejaa mpaka juu. Nzuri ilikuwa moja, ya matofali, ina kufuli.

"Hiyo ni ya wageni," akasema.

"Wageni gani?" nikauliza. "Wale wanakuja kujisaidia kutoka Nairobi?"

Watu wakacheka, na msichana wa maabara akanyoosha mkono tu, kiganja juu, bila neno. Mwalimu mkuu alitafuta katika zile funguo zake nyingi kwa muda mrefu. Kufuli ilikuwa imeshika kutu kwa kukaa.

Lakini akina mama hawakuwa wanasogeza watoto. Walisimama, kila mtu amemshika wake bega. Chifu alikuwa pale, kwenye kiti, na ingawa safari hii alisema hataita mtu, nani anaamini? Mwenyekiti wa chama alisema kwa sauti kwamba hii ni dharau, watoto wetu walishapimwa wakaonekana wazima, tunataka nini tena. Nikafungua mdomo kumtaja. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima.

Mke wa kijana wangu akanitangulia. Alitoka mbele, mtoto mkononi, akasema, "Kikopo ya huyu ilikuwa ya kuazima. Nilichukua kwa mwenyekiti. Na asubuhi hiyo nilikuta foleni."

Ng'ombe alilia mbali, ukasikia kila kitu.

Halafu bibi mmoja mzee nyuma akasema, "Basi huyo kijana ana tumbo la fahali, kutosheleza kata nzima!"

Kicheko kilichotoka hapo sijakisikia tena. Hata chifu aligeuza uso. Mwenyekiti wa chama hakucheka. Alimchukua mtoto wake akaenda zake, na mpaka leo hanisalimii, wala mke wa kijana wangu. Chama walitufukuza kwa kutuma mtu. Lakini yule bibi alimsukuma mjukuu wake mbele, "Enda, ingia, hapana haribu wakati wa watu," na mwingine akafuata. Majibu yalipokuja, hawakuyasoma kwa baraza; dawa zilikuja kimya, masanduku mengi kuliko ya ng'ambo ya mto. Chifu hakusema mfano wa kuigwa. Mimi nilingoja aombe watu msamaha, bado nangoja, na mawe yake bado yanapakwa chokaa.

Wetu alimeza dawa na maji ya chuma ya kuongeza damu. Yeye, kwa kuwa alikuwa amelazwa, akapewa kikopo kingine arudishe shuleni baadaye, waone kama ile minyoo imeisha au bado iko.

Asubuhi hiyo tuliamka sote watatu kabla ya jua. Mtoto aliingia chooni na kikopo chake, akafunga mlango. Mimi nikasimama upande mmoja. Mama yake akasimama upande ule mwingine. Mimi sikuwa naondoka, kwa maana nilijua kilichotokea mara ya kwanza. Yeye hakuwa anaondoka, nadhani kwa sababu alijua kwamba najua. Tulingoja. Baridi ilikuwa inapanda miguuni. Mlangoni hakutoki kitu.

"Shosho."

"Naam."

"Mama."

"Eeh."

"Mko hapo wote?"

"Tuko."

"Sasa mimi nitafanyaje mkinisikiliza? Ondokeni!"

Tukarudi nyuma mpaka kwenye ua. Mke wa kijana wangu akajifuta pua na leso, nikaona mabega yake yanatikisika, sikujua kama ni kucheka au ni ile nyingine, na sikuuliza. Baada ya muda mlango ukasukumwa. Mtoto akatoka amevaa viatu vya mpira, kikopo kimefungwa, amekishika kwa mikono miwili kama anayebeba chai ya mgeni. Mama yake akanyoosha mkono. Mimi pia nikanyoosha wangu.

Akatupita.

"Nitapeleka mwenyewe," akasema.

Akashika njia ya shule, mbele, bila kusimama mahali. Sisi tukamfuata nyuma, mimi upande mmoja wa barabara na mama yake upande wa pili, na hakuna aliyetaka kurudi nyumbani kwanza.